Nyumba ya Mke wa Pili

Kazi yangu ni kupiga chapa. Kibanda changu kiko hatua chache kutoka lango la korti, na ndani mna kompyuta moja, printa inayomeza karatasi ikijisikia, na benchi la wateja. Watu wa mirathi nawajua kabla hawajafungua mdomo. Huja wanne au watano, wamevaa nguo za kanisani, wamebeba faili ya plastiki, na hawatazamani usoni. Yule anayeongea sana ndiye aliyepanga kumnyima mwenzake.

Phelesia hakuja hivyo. Alikuja peke yake, Novemba ya mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili, akapita mbele ya watu watatu waliokuwa kwenye foleni na kuketi. Tulijuana. Nyumbani kwangu ni Sindo, na omena, wale dagaa wa ziwani, nilikuwa nanunua kwake kwa sababu hakuwa mwizi wa kipimo. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka hamsini na mmoja, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya soko. Siku hiyo sauti ilikuwa ya kukwaruza.

"Trizah, niandikie mkataba," alisema. "Nanunua ile nyumba nakaa."

"Ile ya marehemu Maurice? Sakseshen, hiyo kesi ya mirathi, imefanywa?"

"Bado. Lakini Eucabeth amekubali, na watoto wamekubali."

Eucabeth ndiye mjane wa Maurice. Nikamwambia Phelesia bila kuzunguka kwamba nyumba ya marehemu hainunuliwi hivyo, kwamba yeyote atakayemuuzia kabla korti haijatoa barua ya mirathi anauza kitu ambacho bado si chake. Angoje.

"Nimngoje nani?" akauliza. Kisha akafungua kitambaa alichojifunga shingoni. Upande mmoja ulikuwa umevimba. "Saratani ya koo. Daktari ameniambia wazi. Uji tu ndio unapita, na uji nao siku ingine unarudi. Mimi nataka kufa kwangu, Trizah. Si kwa kukodi."

Mtu wa mbali angedhani anazungumza juu ya heshima tu. Sisi wa huku tunajua ni jambo la udongo. Phelesia aliolewa upande wa Rongo akiwa msichana, na mahari yake haikuwahi kulipwa, hata ndama. Alipopigwa mara ya mwisho alimfunga mtoto wake Lynnet mgongoni akarudi kwao, karibu na Magunga. Kwa Wajaluo mwanamke aliyeolewa kisha akarudi anaitwa migogo, na migogo hazikwi ndani ya ua wa baba yake. Wakimzika ndani, wanasema, mabinti wa boma hilo hawatapata ndoa ya kudumu tena. Kwa hivyo huchimbiwa nje, kando ya njia ya ng'ombe. Na kule Rongo wasingempokea, maana hawakumtolea kitu. Mtu wa namna hiyo akiwa na nyumba yake mwenyewe, kwenye ardhi yake mwenyewe, shida imekwisha. Analazwa ndani, anatolewa mlangoni kwake, anazikwa kwake, na watoto wake wana pa kusema ni nyumbani. Basi ndicho Phelesia alichokuwa akitafuta. Wengine hutafuta dawa. Yeye dawa alishaambiwa hakuna.

Nyumba yenyewe nilikuwa naijua. Vyumba vitatu vya matofali, paa la mabati, robo ekari nyuma ya soko ukielekea Magunga. Phelesia alikuwa ameipanga miaka tisa. Maurice mwenyewe alizikwa kwao Ndhiwa, kwenye boma la wazee wake anakoishi Eucabeth, kwa hivyo kile kiwanja cha Sindo kilikuwa safi, hakina kaburi wala mgogoro. Hivyo ndivyo tulivyodhani.

Nikaandika mkataba. Nilijua ni karatasi dhaifu, nikaandika. Siku zile nilikuwa namhurumia kuliko nilivyokuwa naogopa mawakili, maana mkataba si kazi ya mpiga chapa. Phelesia alilipa yote kwa pamoja, akiba ya maisha yake na pesa za chama chake cha kuweka akiba, na hilo sitalirudia kwa sababu hata leo likinijia nakasirika.

Baada ya wiki familia ikaja kuanza mirathi. Eucabeth, mwanawe mkubwa Levi, na mabinti wawili. Wakili wao alikuwa Nyangau, Mkisii mmoja mpole anayetafuna njugu hata akieleza sheria. Aliwatuma kwangu nipige chapa majina ya warithi, yale yale waliyompa chifu.

Nikauliza, "Wake ni wangapi?"

Levi akajibu upesi, "Mmoja. Huyu mama."

Eucabeth alitazama viatu vyake. Niliona. Mimi huona mambo kama hayo kila siku, na kila siku najiambia kazi yangu ni vidole, si macho. Nikapiga chapa jina moja.

Tangu hapo ikawa kungoja. Faili ikaingia kortini. Jina la marehemu likachapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, siku thelathini zikapita ili mwenye neno aseme. Julai barua ya mirathi ikatoka kwa jina la Eucabeth, na Phelesia akanunua soda tatu, moja yangu, moja ya Lynnet, na moja aliyoishika tu mkononi. Nyangau ndiye aliyeharibu sherehe.

"Sasa tunangoja miezi sita," alisema, "ndipo tuombe korti ithibitishe. Barua ikithibitishwa ndio kiwanja kinaweza kuhamishiwa mnunuzi."

"Miezi sita ya nini?" Phelesia akauliza.

"Ni sheria, mama. Huenda kuna mrithi alisahaulika. Anapewa nafasi."

"Na mimi napewa nafasi na nani?"

Nyangau akaacha kutafuna. 

Miezi ile sita ndiyo iliyommaliza Phelesia. Alikuwa akija mjini kila Jumatatu, mtu asiyeweza tena kubeba debe, kukaa kwenye benchi langu na kuuliza kama kuna habari. Mara moja moja alikuwa akikonda hata kati ya Jumatatu na Jumatatu. Alikuwa ameacha kubishana sokoni. Wanawake wenzake walikuwa wakimwanikia omena na kumletea pesa zake bila kusema neno, na yeye alichukia huruma hiyo kuliko ugonjwa. Siku moja alinitaka nimwandikie hakimu barua.

"Umwambie nakufa," alisema. "Uandike tu hivyo. Usiweke maneno ya kizungu ya kuzunguka."

Nikamwambia barua kama hiyo haina kifungu cha sheria. Akaniambia niache kumfundisha kufa. Basi nikaandika: Mheshimiwa, mimi ni mgonjwa wa saratani na siku zangu ni chache, naomba jambo hili litangulie mengine. Akaipeleka mwenyewe, ikapigwa muhuri wa kupokelewa, akarudi ameshika nakala yake kwa mikono miwili. Aliamini ule muhuri. Mimi nilijua sheria haina mlango wa mtu mwenye haraka, na sikuthubutu kumwambia.

Kuthibitisha kulipangwa Machi. Asubuhi hiyo Phelesia alivaa gauni la buluu alilolishonesha wakati ana mwili, limemning'inia kama limeanikwa. Lynnet, aliyekuwa na miaka ishirini na mitatu, alimshika upande mmoja na mimi upande wa pili. Tuliketi nyuma. Faili ikaitwa. Nyangau akasimama, akasema hakuna pingamizi.

"Lipo," hakimu akasema, na kuinua karatasi.

Mwanamke mfupi wa miaka kama sitini akasimama upande wa pili. Alivaa sweta ya kijani na raba, na kando yake alikuwa mwanamume mwenye kofia mkononi. Nilimsikia Eucabeth akivuta pumzi.

"Mama, wewe ni nani wa marehemu?"

"Mke wake. Wa pili. Naitwa Bhoke, natoka Kegonga. Hii nyumba wanauza alijengea mimi."

"Una cheti cha ndoa?"

"Niko na ng'ombe. Kumi na saba. Huyu ndugu yangu Wangwe alipokea."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Nami nikaelewa jinsi habari ilivyofika Kegonga: akina mama wanaoleta ndizi Sindo wanatoka huko huko, na Phelesia, katika furaha yake ya soda tatu, alikuwa amewaambia wote kwamba sasa nyumba ya Maurice ni yake.

Hali ilikuwa bado inaokoleka. Bhoke alikuwa ameondoka kwa Maurice miaka ishirini na miwili iliyopita. Nyangau alikuwa ameshaanza kusema, kwa sauti ya taratibu, kwamba mwanamke aliyeacha ndoa muda wote huo, bila kurudi hata mazishini, ndoa yake ilikufa. Alikuwa anaisema vizuri. Ndipo Levi akaruka kutoka kitini, shingo imemsimama mishipa.

"Mheshimiwa, huyu si mke! Huyu alitoroka! Na mpaka wa leo hawa watu hawajarudisha hata ng'ombe moja! Baba alienda Kegonga mara nne kudai, akakufa akidai!"

Hakimu akaweka kalamu. "Kwa hivyo ng'ombe hazikurudi?"

"Hata mguu!"

"Na kwa desturi yenu, ng'ombe zisiporudi, ndoa imevunjika?"

"Itavunjika aje na ng'ombe ziko kwao?"

Nyangau alijifunika uso kwa faili. Levi alibaki amesimama, bado anapumua kwa ushindi, mpaka alipoona dada zake wanavyomtazama. Zile ng'ombe walikuwa wamezililia miaka ishirini na miwili, kila matanga, kila harusi, mtoto anazaliwa anakuta ni wimbo wa nyumbani. Levi alikwenda kortini kumkana mke wa baba yake na mdomo ukaenda moja kwa moja kwenye ng'ombe. Nilitamani kumtandika na benchi.

Phelesia alikuwa ananivuta mkono. "Amesema nini? Mbona umeshika kichwa?"

"Amemfanya mke," nikamnong'oneza.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema uthibitisho umesitishwa, mjane wa pili aingizwe, familia ikakubaliane, na bila kibali chake nyumba isiguswe. Tarehe mpya ilikuwa kumi na moja, mwezi wa sita.

Nje, Phelesia alikaa chini kwenye saruji, mgongo ukutani. Hakulia. Alihesabu kwa vidole, Machi, Aprili, Mei, akafika kidole cha nne akakiangalia.

"Sitafika huko," alisema. "Trizah, mimi sitafika."

Lynnet alimfunika kwa leso, na tukakaa hapo, wanawake watatu chini kama mizigo, watu wakituruka kwenda kulipa faini zao.

Wazo la kwenda Kegonga lilikuwa lake. Alisema mwanamke akimwona mwenzake uso kwa uso hawezi kukataa. Tulienda wiki ya Pasaka, yeye, Lynnet na mimi, na alibeba samaki wa kukaushwa waliofungwa kwenye gazeti, kwa sababu haendi kwa mtu mikono mitupu hata akiwa anakufa. Bhoke alikuwa anaishi mwisho wa boma la Wangwe, kwenye kinyumba cha udongo kilichoegemea mahindi. Alitutazama tukija tangu mbali na hakusogea. Alikuwa ameishi Sindo, Kijaluo anakijua, lakini alituzungumzia Kiswahili mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayeongea na ofisi.

"Kaeni," alisema, akaleta uji wa wimbi. Phelesia akaanza kuunywa. Bhoke alimtazama anavyoinamisha kichwa, anavyofumba macho, anavyosukuma.

"Ni koo?"

"Ni koo."

"Ya dada yangu pia ilianza hivyo." Akaketi. "Sema yenye imekuleta."

Phelesia akasema. Hakuficha kitu. Alimwambia juu ya Rongo, juu ya mahari isiyolipwa, juu ya kaka yake Nicholas na ile sehemu ya nje ya ua ambayo amekuwa akipita kando yake tangu utoto akijua ni ya nani. Alisema hana tena cha kununulia kiwanja kingine, wala siku za kukitafuta. Alisema anaomba kidole gumba cha Bhoke kwenye karatasi moja, basi.

Bhoke alimwongezea uji, nikadhani amekubali.

"Mama," alisema, "unajua kwa nini ng'ombe yangu haikurudi? Wangwe alioa nayo. Ile mwaka niliolewa, yeye akachukua zile ng'ombe akaenda akaleta bibi. Wako na watoto saba. Sasa mimi nilirudi hapa na meno mbili imetoka, nikaambiwa, ukitaka kuachana na bwana, tutavunja nyumba ya ndugu yako turudishe ng'ombe? Nikanyamaza. Basi mimi si wa hapa. Si wa huko. Mabibi ya watoto wa Wangwe walishanionyesha pahali watanichimbia. Ni pale chini, pahali wanamwaga taka."

Alinyoosha mkono, na sote tukatazama.

"Kwa bwana yangu, nyumba yangu ni moja. Ile unalala. Siendi huko kukaa. Nataka nikikufa nipelekwe, nizikwe kwa mlango yangu kama mke wa mtu. Nikiweka kidole kwa karatasi yako, nimejifukuza. Mara ya kwanza nilifukuzwa na ngumi. Hii ya pili nijifukuze mwenyewe?"

"Wewe uko na afya," Phelesia alisema. Sauti ilikuwa karibu haipo. "Mimi niko na wiki. Niachie tu, dada. Nipite mbele."

"Kila mtu husema hivyo akitaka kitu ya mwenzake." Kisha, kwa upole zaidi, "Maliza uji."

Hatukupata kidole. Lynnet alichukua namba ya simu ya Bhoke na kuacha yake kwenye kipande cha lile gazeti la samaki, iwapo mwenyeji wetu atabadili nia, na Bhoke akakitia kwenye mfuko wa sweta bila kukiangalia. Tukiwa njiani Phelesia aliniambia jambo ambalo silisahau. Alisema hawezi hata kumchukia. Angemchukia, alisema, angekuwa na kitu cha kushika. Ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu Novemba ile.

Alikufa mle nyumbani Sindo, Ijumaa, tarehe thelathini na moja Mei. Siku kumi na moja kabla ya korti.

Eucabeth na Levi walifika Sindo kesho yake, na hawakuja kwa matanga. Levi alisimama mlangoni akatangaza kwamba hakuna kaburi litakalochimbwa hapo. Kesi ingali kortini, na hakimu alisema nyumba isiguswe. Kaburi huku ni hati, alisema, mtu akishalala pahali hakuna hakimu wa kumtoa. Na kwa hilo alikuwa anasema kweli, ingawa nilitaka kumrushia sufuria. Nicholas naye alikuja, mtu mzima mwenye macho mekundu, akamwita Lynnet kando.

"Nyathina," alimwambia, mwanangu, "hatumkatai. Ni dada yangu. Lakini ndani haiwezekani, unajua. Nimempatia pahali pazuri hapo nje. Nitazungusha waya, ng'ombe isimkanyage."

Waya. Alidhani anasaidia. Lynnet alirudi ndani, akachukua simu, akampigia Bhoke. Hakumpigia kumwomba. Nilikuwa kando yake na nilisikia kila neno.

"Furahi sasa," alisema. "Amekufa. Jumamosi ijayo anatupwa nje ya ua kama vile ulitaka. Nyumba yako iko tupu, kuja uchukue."

Akakata.

Jumamosi tarehe nane Juni gari lilimtoa chumba cha maiti hospitalini asubuhi. Nicholas alikuwa amekubali lipite Sindo kwa saa moja, wanawake wa omena wamuage, kisha liendelee Magunga. Jeneza halitashuka, Levi alisema, na alikuwa amesimama kwenye lango kuhakikisha. Basi tuliimba tukiwa tumezunguka gari. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, Lynnet ameshika upande wa miguu wa jeneza, na nyumba ile aliyoilipia iko hapo, hatua ishirini, imefungwa. Kuna hasira nyingine humfanya mtu asiimbe. Nilinyamaza nikawa natazama tu.

Bhoke alikuja kwa miguu kutoka barabarani. Sweta ile ile. Nyuma yake alikuwa Wangwe, na vijana wawili wa Wangwe wenye majembe.

Hakusalimia mtu. Alipita katikati yetu, akaweka mkono kwenye jeneza kidogo, kisha akaenda mpaka langoni akasimama mbele ya Levi. Alikuwa anamfikia kifuani.

"Fungua."

"Mama, hii kitu iko kortini."

"Kortini umesema mimi ni nani?"

Levi akashika lango kwa mikono miwili.

"Nakuuliza, kijana. Mbele ya hakimu. Ulisema ng'ombe iko kwetu bado. Ulisema ndoa itavunjika aje. Sasa mimi ni nani wa hii nyumba?"

Levi alimtafuta mama yake kwa macho. Eucabeth alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mabati ya jirani, mikono mapajani. Wanawake hawa wawili hawakuwa wameongea kwa miaka ishirini na miwili.

"Nyieka," Bhoke alimwita, kwa Kijaluo sasa, neno la mke mwenza kwa mke mwenza. "Kuna mtu amefia nyumbani kwangu. Nimzike ama nimtupe?"

Eucabeth aliinuka kutoka kwenye kiti.

"Levi," alisema mwishowe, "toka hapo langoni."

Jeneza likashushwa. Likaingizwa sebuleni, pale meza ilipokuwa inakaa. Wangwe akauliza wachimbe wapi, na Bhoke akatoka nje, akasimama mlangoni akiipa nyumba mgongo, akaonyesha upande wa kushoto. Mzee mmoja aliyekuja na Nicholas akakohoa.

"Mama, hapo ndipo pa mke mwenye nyumba. Huyu mweke nyuma huko, kwa mgeni."

"Najua pa nani," Bhoke alisema. "Chimba."

Vijana wakachimba. Lynnet alikaa chini kando ya udongo unaotoka, akimtazama yule mwanamke ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemtukana kwa simu. Mimi nililia kwa sauti, mbele za watu, mimi ambaye hata kwenye mazishi ya mume wangu nililia chumbani. Tulimzika Phelesia saa nane mchana kwenye ardhi isiyo yake, na hata Nicholas alisaidia kufukia.

Bhoke hakurudi Kegonga siku hiyo. Alilala na Lynnet kwenye nyumba ile hadi Jumanne, na sijui walizungumza nini. Jumanne asubuhi, kabla korti haijafunguliwa, wote wawili walikuwa kwenye benchi langu.

"Andika nimekubali," Bhoke aliniambia. "Nyumba iende kwa huyu msichana."

Nyangau alipita tukamwita atushauri. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akatafuta njugu mfukoni akazikosa. Haiwezi kwenda kwa Lynnet moja kwa moja, alisema. Mnunuzi alikuwa Phelesia, na Phelesia sasa naye ni marehemu. Lynnet lazima amfungulie mama yake mirathi. Barua ya chifu, korti, gazeti la serikali siku thelathini, kisha miezi sita. Lynnet alicheka kicheko kibaya kilichogeuka kikohozi, akatoka nje.

"Andika tu," Bhoke alisema. "Ingine itakuja baadaye."

Nikaandika. Mimi Bhoke, mjane wa pili wa marehemu Maurice, nakubali bila kulazimishwa nyumba iliyoko Sindo iuzwe kwa Phelesia, sasa marehemu, na ipite kwa warithi wake, nami sitadai sehemu yoyote ya ardhi hiyo. Nikamsomea. Akaniambia nirudie ile ya mwisho. Nikarudia. Akaweka kidole kwenye wino.

"Mama," nikasema, maana safari hii sikuweza kuwa vidole tu, "ukiweka hapo, wewe utazikwa wapi?"

Alibonyeza kidole kwenye karatasi, akakishikilia sana, akakifuta kwenye sweta.

"Hiyo usiandike," alisema.